Ukurasa wa Tisa

Kila Alhamisi Vazha hunijia na mfuko wa jozi,
tukazivunja kwa nyundo kwenye ngazi za nyuma,
na kokwa ya kwanza haijamezwa
tumeshaanza kumvunja marehemu.

"Anzor Kikvadze," asema, "alikuwa muuza sukari.
Miaka arobaini katika chumba cha projekta
nimemsikia akimwaga asali penye jeraha na penye harusi,
kijiko kilekile.
Mtoto hajaanza kulia, fidla zishalia.
Farasi hajaanguka, tarumbeta zishamzika.
Mtu gani huyu, hamwachii mtazamaji
hata chozi moja la kwake?"

Mimi nilipiga viola katika studio ile
hadi sugu ikaota chini ya kidevu.
"Wewe," namwambia, "ulimsikia kupitia tundu la ukuta,
mashine ikikukoromea sikioni.
Hukumwona akija asubuhi na viatu visivyofanana,
akiinama kwa mpigaji wa safu ya mwisho kabisa
kumuuliza: noti hii, inakuumiza mkono?"

"Viatu havisikiki kwenye filamu, Nutsa."

"Na zile noti nne za treni,
zinazopanda kama mtu anayetafuta funguo gizani?"

"Nne hizohizo akawapa wachimba makaa!
Hizohizo akampa daktari wa meno!"

"Kwani mama yako alikuwa akikuita jina jipya kila siku?"

Hapo hucheka, hujifuta maganda magotini,
kisha hunyamaza, nami najua anakoelekea.
Huenda huko kila Alhamisi.

"Moja namkubalia," asema. "Moja tu.
Yule mjane kwenye roshani,
akikung'uta kitambaa cha meza baada ya matanga.
Makombo yanaanguka. Njiwa wanashuka.
Na muziki, hakuna.
Dakika nzima, Nutsa, hakuna!
Usiku ule ukumbi ulisahau kukohoa.
Kunyamaza namna ile, hiyo ndiyo kazi.
Pale, lo, pale alikuwa bwana."

Nachukua jozi. Naipiga vibaya, inasagika.

Ulikuwa mwezi wa pili, Tbilisi ina barafu hadi vizingitini,
tunarekodi na makoti mwilini.
Zamu ya viola pekee. Taa nyekundu ikawaka.
Nikafunua ukurasa wa nane, nikakuta wa kumi.
Wa tisa ulikuwa umegandamana na mwenzake
kwa jemu ya plamu, ya mkate wangu mwenyewe.
Mwongoza okestra akapiga hewa kwa kijiti chake,
pigo baada ya pigo, ananikodolea macho,
nami upinde u juu ya waya, haushuki,
na nyuma yake, kwenye pazia jeupe,
mjane anakung'uta, anakung'uta.

Nilisubiri sauti ya Anzor itoke kwenye spika initimue.
Ikatoka. Ilikuwa nzito kidogo.
"Ahsanteni. Tuendelee na ukurasa wa kumi."

Hakuniuliza kitu, wala sikumweleza.
Kwenye mazishi yake watu watatu waliusifu ukimya ule,
mmoja kwa machozi.

Ukurasa wa tisa ninao, ndani ya sanduku la viola,
bado una doa lake la zambarau.
Niliupiga mara moja, usiku, peke yangu,
hadi jirani Lamara akagonga ukuta.
Hakuwa amekasirika; alitaka nirudie.
Vazha angeuchukia. Ni sukari tupu,
ni noti zile nne, zikishuka safari hii,
na sijawahi kushika kitu kizuri kama kile.
Kingemuua yule mjane.

Niseme nini? Nikimtetea Anzor kwa ukweli,
namnyang'anya Vazha kitu pekee anachompendea.
Tena sina hakika ukweli wenyewe ni upi:
jemu ilikuwa yangu,
lakini aliyekuwa nyuma ya kioo, aliyesikia,
aliyeumeza wimbo wake akasema tuendelee,
hakuwa mimi.

"Umenyamaza," asema Vazha. "Umeshindwa?"

Namchagulia kokwa nzima, isiyovunjika,
namwekea kiganjani.
"Leo," namwambia. "Leo umenishinda."